Naomba ushauri: niko Texas, vyama vyote viwili vimenichosha, kura yangu niipeleke wapi?

Mlinga_Houston

Wakuu, habari za humu. Msimamo wangu ni huu: serikali ndogo, kodi ndogo, mtu afanye kazi yake bila kuzungushwa na vibali, jeshi lisiende vitani bila Bunge kupiga kura, na hakuna kupekua mawasiliano ya mtu bila hati ya hakimu. Kila chama kinanipa nusu ya hayo, na nusu nyingine kinaikanyaga.

Republican wanahubiri kubana matumizi, ila deni la taifa limepanda chini ya marais wa pande zote na lilivuka dola trilioni 36 mwaka 2024. Ushuru aliouweka Trump kwa bidhaa za China, Biden aliingia akauacha, mwingine akauongeza. Kilichonimaliza ni Aprili 2024: Baraza la Wawakilishi lilipigia kura pendekezo la kuilazimisha FBI iwe na hati kabla ya kupekua mawasiliano ya Wamarekani yaliyonaswa kupitia kifungu cha 702 cha sheria ya upelelezi wa kigeni (FISA). Kura 212 kwa 212, na sare maana yake limekufa. Kifungu hicho kinalenga wageni walio nje ya nchi, kwa hiyo sisi tunaoongea na Dar na Mombasa kila wiki ndio tunaoweza kunaswa.

Nauliza: nikimpa mgombea wa Libertarian, kile chama cha tatu kinachotetea serikali ndogo, ni kuitupa kura? Niache nafasi ya rais tupu? Au nikae nyumbani?

Nahodha

Mkuu, hiyo sare uliyoitaja itazame ndani. Waliounga mkono hati ya hakimu walikuwa Republican 128 na Democrat 84. Waliopinga, Republican 86 na Democrat 126. Mstari haukupita katikati ya vyama, ulipita ndani ya kila chama. Ukiuliza "chama gani" utakata tamaa maisha yako yote. Uliza "mbunge wangu alipigaje?" Orodha ya kura kwa majina iko kwenye tovuti ya karani wa Baraza. Chukua kura nne tano unazozijali, hiyo ya 702, za vita, za bajeti, umpime nazo. Anza kwa kuhakiki uko wilaya gani ya bunge, maana Texas ilichora ramani upya 2025 na wengi wamehamishwa bila kuhama nyumba.

Bi Rukia, Dallas

Naongezea kwa Nahodha. Wilaya nyingi za Texas mshindi wa Novemba anajulikana tangu Machi, kwa sababu zimechorwa zikiegemea chama kimoja. Uchaguzi wenyewe ni kura za mchujo za Machi, ambapo kila chama kinachagua mgombea wake. Mwaka 2022 na 2024, michujo ya vyama vyote viwili kwa pamoja haikufikisha mpiga kura mmoja kati ya watano walioandikishwa. Kura yako pale ina uzito mara kadhaa.

Na hapa huandikishwi kwa chama. Unafika kituoni unasema unataka karatasi ya chama gani, basi. Ukishachagua umefungwa kwa mwaka huo: mchujo ukienda marudio Mei, huwezi kuhamia upande wa pili. Kwa hiyo chagua karatasi ya chama kinachoshinda kwenye wilaya yako, hata kama hukipendi, kisha umpe yule anayekaribiana na msimamo wako. Thomas Massie na Rand Paul, watetezi wa serikali ndogo wote wa Kentucky, waliingia Bungeni kwa njia ya mchujo wa Republican, si kwa chama cha tatu.

Walio majimbo mengine msinakili hili kichwa kichwa. New York ukitaka kubadili chama mwisho ni Februari 14. Kentucky ni Desemba 31 ya mwaka uliotangulia. California kuna watu wengi waliotaka kuwa huru wakatia alama kwenye American Independent, ambacho ni chama kamili. Asiyetaka chama kule anachagua "No Party Preference".

Kidagaa

Mimi sikubali kwamba chama cha tatu ni bure. Ni kweli kwa urais Libertarian hali yao ni mbaya: Gary Johnson 2016 alipata karibu kura milioni 4.5, Jo Jorgensen 2020 akashuka hadi milioni 1.8 na ushee, Chase Oliver 2024 kama laki sita na nusu. Ugomvi wa ndani tangu kundi moja la chama hicho, Mises Caucus, lichukue uongozi kwenye mkutano wa Reno mwaka 2022 umewaumiza. Na hata ukiwa na wengi haisaidii kama wametawanyika. Ross Perot, mgombea huru wa urais 1992, alipata karibu asilimia 19 ya kura zote na hakupata hata mmoja kati ya wajumbe 538 wanaomchagua rais.

Lakini Texas kuna kitu cha kukipigania. Chama kidogo kinabaki kwenye karatasi kikipata asilimia 2 katika kinyang'anyiro chochote cha jimbo zima, ndani ya chaguzi kuu tano zilizopita. Kikikosa kinarudi kukusanya sahihi, kazi inayomaliza fedha zote za kampeni. Hiyo asilimia 2 haitafutwi kwenye urais. Inatafutwa chini, mfano Railroad Commission, tume ya jimbo inayosimamia mafuta na gesi. Pale kura yako ya Libertarian inalinda kitu.

Nahodha

Kidagaa uko sahihi, ila watu wasije wakachanganya na Georgia. Kule lazima mshindi avuke nusu. Novemba 2020 seneta wa Republican David Perdue aliishia asilimia 49.7, wa Libertarian akiwa na 2.3, wakarudi Januari na Perdue akaangushwa. Texas mwezi Novemba anayeongoza ameshinda, hata kwa asilimia 45. Hakuna marudio.

Fundi Sele

Wote mnaangalia Washington. Anayeishi pembezoni mwa Houston aangalie bili yake ya kodi ya nyumba, mstari wa MUD, ile wilaya ya maji. Ina wakurugenzi watano wanaochaguliwa, mara nyingi Mei, na wanaojitokeza ni wachache mno. Hao ndio wanaopeleka hati fungani, yaani mikopo ya wilaya, kwenye kura, na wewe unazilipa kwa miaka. Jiji au kaunti ikitaka kuvuka ukomo wa ongezeko la asilimia 3.5 kwenye mapato ya kodi ya uendeshaji, sheria ya 2019 inailazimu iitishe kura ya wananchi. Asiyejua anaipita tu.

Na vibali, angalieni kusuka nywele. Texas ilifuta leseni ya wasusi 2015, Iowa 2016, Minnesota 2019. Kabla ya hapo Iowa ilimtaka msusi asome saa 2,100 za chuo cha urembo ambacho hakikumfundisha kusuka. Dada zetu wangapi wamepona hapo! Hayo yalipita kwenye mabunge ya majimbo, kwa kesi na barua za watu wachache wasiochoka.

Mama Nuru

Ndugu zangu wenye green card: msitie alama ya "ndiyo" popote panapouliza kama ni raia, hata karani akikusukumia fomu. Ukijiandikisha au ukipiga kura bila uraia unaweza kufukuzwa nchini.

Mlinga_Houston

Nashukuru sana, nimepata mwanga. Naweza kushiriki mchujo wa Republican Machi, halafu nikahudhuria mikutano ya Libertarian ya kuteua wagombea?

Bi Rukia, Dallas

Hapana, si mwaka mmoja. Libertarian hapa wanateua kwa mikutano, kuanzia mtaa na kaunti hadi jimbo, na anayeshiriki anaapa kuwa ni wa chama hicho mwaka huo. Ukishapiga mchujo wa chama kingine umejitoa. Novemba uko huru kabisa kumpigia yeyote.

Nafasi ya rais ukiiacha tupu, kura zako nyingine zote zinahesabiwa. Usiandike jina la mtu kwa hasira: Texas wanahesabu majina ya waliojisajili rasmi kama wagombea wa kuandikwa tu. Kufuata mstari wa chama kwa kubonyeza mara moja kulifutwa tangu 2020, kwa hiyo utapita nafasi moja moja, na Harris County majaji peke yao ni makumi. Simu hairuhusiwi ndani ya futi 100 za kituo, ila karatasi unaingia nayo. Pakua karatasi ya mfano kutoka kwa karani wa kaunti, jaza majina nyumbani. Usajili unafungwa siku 30 kabla, na fomu ni ya kuchapa na kutuma kwa posta.