Tupeane uzoefu: mazoezi ya kutuliza akili kwa kufuata sauti, wewe yamekusaidiaje?

Mwanzisha mada
Habari za jioni wakuu. Nawauliza mnaofanya mazoezi ya kukaa kimya huku sauti inakuelekeza: sikia pumzi, sikia miguu, akili ikitoroka irudishe. Wengine huita taamuli, wengine umakinifu, sisi nyumbani tunasema "kukaa" tu. Nataka visa vya siku zenu za kawaida.

Naanza na changu. Mwaka juzi usingizi ulinikimbia. Saa nane usiku nimekodoa macho, napiga hesabu za duka. Binti wa dada yangu akanitumia rekodi ya dakika 20 ya kupitisha akili mwilini, kuanzia vidole vya mguu hadi utosini. Ilikuwa ya Kiingereza. Kiingereza nakielewa, ila kila neno nilikuwa nalitafsiri kichwani. Msemaji ameshafika gotini, mimi bado niko kisiginoni. Nikamwomba binti anirekodie kwa Kiswahili kwenye simu. "Peleka akili kwenye unyayo wa kushoto. Usiusogeze. Usikie tu ulivyo." Nyuma ya sauti yake kuna jogoo, na mtu anamimina maji kwenye ndoo. Usiku wa kwanza nililala kabla hajafika magotini. Si kila usiku inakuwa hivyo, lakini hata nikikesha, siku hizi mwili unakuwa umepumzika.

Dereva wa Kimara
Mkuu, mimi muda wa kulala chali na kusikiliza sina. Zoezi langu liko kwenye foleni. Taa za breki za gari la mbele zikiwaka na sote tukasimama, navuta pumzi kwa hesabu ya nne, naitoa kwa hesabu ya sita. Ile ya kutoa ndiyo yenye kazi, maana moyo hupunguza mwendo kidogo unapotoa pumzi. Mara tatu tu, mabega yanashuka yenyewe.

Nilianza baada ya kumfokea mzee mmoja aliyechelewa kushuka. Aliniangalia, hakujibu, akashuka na mfuko wake. Yule mzee sijamsahau hadi leo.

Tahadhari kwa madereva wenzangu: rekodi za kukulegeza usizisikilize ukiwa kwenye usukani. Pumzi tu, macho barabarani.

Mwalimu, Dodoma
Naomba niongeze la zabibu. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha programu katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Moja ya mazoezi yake ya mwanzo ni kula zabibu kavu moja, polepole, kana kwamba hujawahi kuiona.

Mimi nimekulia kwenye mizabibu. Nimeuza zabibu kando ya barabara tangu niko darasa la nne. Lakini siku niliyoweka moja kiganjani na kuiangalia kwa dakika nzima, niliona kovu dogo pale kikonyo kilipokuwa. Ukiiminya karibu na sikio, inatoa mlio. Mate yakajaa mdomoni kabla sijaiweka kwenye ulimi. Nilifanya na wanafunzi wangu wiki ya mitihani, kila mmoja na yake. Darasa la watoto 60 lilikaa kimya, na sikuwa nimemnyamazisha mtu.

Mama wa Tanga
Assalaam alaikum. Mimi nilisita kwa sababu ya dini, na naona wengi hapa wanaliwaza hilo bila kulisema. Nikafuatilia: ni kweli asili ya mazoezi haya ni kwa Wabudha, na yule bwana wa Massachusetts alichukua njia akaacha ibada. Kwa hiyo mimi nabaki na pumzi na mwili wangu. Rekodi ikianza maneno ya kuabudu nisiyoyajua, naizima.

Nilichopata ni hiki: zamani nilikuwa natoa salamu hata sikumbuki nimeswali rakaa ngapi. Zoezi si swala, sivichanganyi, ila akili iliyozoeshwa kurudi kwenye pumzi inarudi upesi kwenye aya pia.

Kijana wa Mombasa
Kwangu yalienda kombo. Nilinusurika kwenye ajali ya matatu mwaka 2021. Nilipoambiwa nifumbe macho nisikilize mwili, niliisikia ile ajali yote upya, hata harufu ya mafuta. Nikaacha. Sasa nikisoma nyote mnasifu, nahisi tatizo ni mimi.

Muuguzi, zamu ya usiku
Pole sana kaka. Tatizo si wewe, hilo huwapata watu wengi waliopitia jambo zito. Hata kama uliambiwa ufumbe macho, si lazima. Yafungue, kaa karibu na mlango, kanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, kisha taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa, kimoja unachokionja. Ikizidi, acha. Na tafuta mshauri nasaha wa kukaa naye ana kwa ana. Kidonda hicho kinahitaji mtu, si rekodi. Na wengine wote, kama mnatumia dawa za presha au za sonona, zoezi hili halichukui nafasi yake.

Langu mimi ni kunawa mikono. Tunatakiwa tunawe kwa sekunde 40 hadi 60, na zamani nilizitumia kumwaza mgonjwa anayefuata. Sasa nayasikia maji, sabuni kati ya vidole, ubaridi kwenye kifundo. Usiku mmoja nanawa mara nyingi sana, kwa hiyo nafanya zoezi mara nyingi sana.

Mwanzisha mada
Kijana wa Mombasa, asante kwa kulisema hilo, wapo wanaosoma kimya wenye shida kama yako. Walioniomba maneno ya ile rekodi inboksi, nayaweka hapa, yale mafupi ya dakika tatu:

"Kaa unavyopenda. Macho wazi au yamefumbwa, ni hiari yako. Sikia pale mwili unapogusa kiti. Sikia pumzi inapoingia puani. Usiivute, iache ije. Akili imeenda sokoni? Umejua imeenda. Irudishe bila kuigombeza. Tena."

Anayesoma anyamaze kwa pumzi tatu baada ya kila sentensi. Na msisomewe na yeyote tu, mtafuteni mtu ambaye sauti yake mmeizoea nyumbani.