Nakala 3, wasomaji 9: riwaya ya tuzo tuisomeje bila kuigeuza mtihani?

Msomaji_Nyalenda:
Wadau, hamjambo. Kikundi chetu cha kusoma hapa Kisumu kina watu 9, na tumeamua mwaka huu tusome riwaya zilizotajwa kwenye Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Tunaanza na *Dust* ya Yvonne Adhiambo Owuor, iliyoshinda 2015. Nakala tunazo 3 tu. Tuzizungusheje ili siku ya kikao isikute nusu ya watu mikono mitupu? Pili, kila aliyewahi kuijaribu anasema aliiachia njiani, mapema kabisa. Tatizo liko wapi? Tatu, zaidi ya nusu yetu ni walimu, na mazungumzo yetu hukimbilia wahusika, maudhui na mbinu za lugha kama tunasahihisha karatasi ya 102/3, ile ya fasihi ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari.

Lurambi_K:
Nianze na hilo la pili, maana ndilo linaloua vikundi vingi. Watu hawaachi *Dust* kwa sababu ya Kiingereza kigumu. Wanaiacha kwa sababu wanangoja mwandishi awaambie nani ni nani, naye hana haraka hiyo. Sentensi zinakatwa katikati, wakati unaruka bila taarifa, na jambo linalotajwa mwanzoni huja kueleweka kurasa mia mbili baadaye. Msomaji aliyezoea hadithi inayonyooka hurudi nyuma kutafuta alichokosa, anasoma ukurasa uleule mara tatu, anachoka. Hakukosa kitu. Asonge mbele.

Kinachosaidia ni karatasi moja ya miaka, ikunjwe ndani ya kila nakala. Andikeni: miaka ya Vita vya Pili vya Dunia (Burma, ambako wanaume wa huku walipelekwa kupigana), miaka ya Hali ya Hatari ya wakoloni wakati wa Mau Mau, kuanzia 1952, uhuru 1963, mauaji ya waziri Tom Mboya Julai 1969, uchaguzi wa Desemba 2007. Acheni nafasi chini ya kila mwaka. Kila msomaji akikutana na tukio, aandike jina la mhusika na namba ya sura mahali pake. Nyipir, baba wa familia, atatokea karibu kila mstari, na hapo ndipo mtaanza kuona kwa nini nyumba hiyo ina mambo mengi yasiyosemwa.

Majina ya kushika mapema ni machache: Odidi anayepigwa risasi Nairobi mwanzoni kabisa, dada yake Ajany, wazazi wao Nyipir na Akai, na Isaiah Bolton, Mwingereza anayekuja kumtafuta baba yake, Hugh. Wengine wote watajitambulisha wenyewe.

Na tajeni sura, msitaje kurasa. Kitabu kilichapishwa Marekani na pia hapa Kenya na shirika la uchapishaji liitwalo Kwani?, kwa hiyo ukurasa wa 112 wa mmoja si lazima uwe wa mwenzake.

Section58:
Mzunguko nimeupigia hesabu. Gaweni watu vikundi 3 vya watu 3, kila kikundi nakala 1. Kitabu kigaweni sehemu 3, mkikata mwisho wa sura. Kila mtu akae na nakala siku 4, ambazo ni kama kurasa 30 kwa siku, kiasi cha mtu mwenye kazi. Siku 12 sehemu imeisha, ya 13 mnakutana. Mara tatu hivyo ni siku 39.

Kitabu kibadilishwe jioni ya siku ya nne hata kama mtu hajamaliza. Mkimwongezea mmoja siku mbili, wa mwisho ndiye anayelipa, na ndiye atakayekuja kikaoni kunyamaza.

Msomaji_Nyalenda:
Asante sana. Lakini wa kwanza atakuwa ameshasahau kufikia kikao. Tukigeuza zamu mzunguko wa pili, wa mwisho awe wa kwanza, si itakuwa haki zaidi?

Section58:
Ni haki, ila inaharibu usomaji. Tuseme A, wa kwanza katika kikundi chake, anasoma siku ya 1 hadi ya 4. Zamu zikibaki A, B, C, anarudishiwa kitabu siku ya 14. Amekaa siku 9 bila nacho. Mkigeuza, anakipata siku ya 22, siku 17 baadaye. Kwa riwaya ya namna hii, siku 17 ni sawa na kuanza upya. Acheni zamu zilivyo, A apewe kazi ya kufungua kikao akisoma alichoandika kwenye ile karatasi ya miaka. Geuzeni mnapoanza kitabu kingine.

Mwl_Mstaafu:
Walimu wenzangu msilaumiwe sana, tumefundishwa hivyo. Dawa ni kubadili swali la kwanza. Badala ya "maudhui ni yapi?", kila mtu alete aya moja iliyomsumbua, aisome yote kwa sauti, kisha aseme imemsumbua kwa neno gani. Dakika 5 kwa mtu, 45 kwa watu 9. Maudhui yatakuja yenyewe, na yatakuja yakiwa na ushahidi. Miongozo ya mtihani piga marufuku kabisa. Inampa mtu jibu kabla hajapata swali.

Hata hivyo mimi nisingeanza na *Dust*. Ningeanza na *A Farm Called Kishinev* ya Marjorie Oludhe Macgoye, iliyoshinda 2007. Ni nyembamba, na mzizi wake ni nyanda za Uasin Gishu, zile ambazo Waingereza mwaka 1903 walifikiria kuwapa Wayahudi. Kikundi kikimaliza kitabu kimoja pamoja, cha pili hakiwatishi. Na kwa Kiswahili, kabla ya riwaya za majaribio kama *Bina-Adamu!* ya Wamitila, someni *Kufa Kuzikana* ya Ken Walibora, tuzo au pasipo tuzo: Akida na Tim, urafiki na ukabila, hadithi iliyonyooka.

Lurambi_K:
Mwalimu, hapo tutatofautiana kidogo. Watu waliokwisha kukubaliana kitabu ukiwaambia wasubiri, hamu inapoa. Ila hilo la aya moja nimelichukua.

Section58:
Nyongeza kwa wanaotafuta nakala ya nne mitaani: fungueni kabla ya kulipa. Vitabu vingi huunganishwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo nakala ya wizi ikikosa kurasa inaweza kukosa fungu zima, na kwenye riwaya inayoruka wakati unaweza usigundue. Pitisheni namba za kurasa kwa kidole mpaka mwisho. Wino ukififia upande mmoja au pambizo zikienda mshazari, rudisheni. Na ulizeni kwanza maktaba ya umma ya Kisumu. Nakala moja ya kuazima inawatoa kwenye watu 3 kwa kitabu.

Msomaji_Nyalenda:
Tumekubaliana: *Dust*, sehemu 3, zamu A, B, C. Karatasi za miaka zinachapwa kesho.