Anthony Brown wa Maryland: wakili, askari wa akiba na mwanasiasa wa jimbo

Mchambuzi wa Kihonda

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaomba kueleweshwa kuhusu safari ya kisiasa ya Anthony Brown, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Maryland nchini Marekani. Alihitimu Harvard mwaka 1984, akawa rubani wa helikopta za jeshi huko Ujerumani, akarudi Harvard kusomea sheria hadi mwaka 1992, kisha akaendelea kulitumikia jeshi la akiba kama mwanasheria wake. Mwaka 1998 alichaguliwa kuingia Baraza la Wajumbe la Maryland, yaani baraza la chini la bunge la jimbo, kutoka kaunti ya Prince George's, na mwaka 2004, akiwa bado mjumbe, akapelekwa Iraki. Baadaye alikuwa Naibu Gavana kwa mihula miwili, akashindwa ugavana mwaka 2014, akaingia Kongresi, na tangu Januari 2023 anashika wadhifa alionao sasa.

Maswali yangu ni mawili. Kwetu Tanzania, ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa; wenzetu wanawezaje kumruhusu afisa wa jeshi kukaa bungeni kwa tiketi ya chama? Na la pili: mtu mwenye wasifu wa namna hiyo, katika jimbo ambalo chama chake cha Democratic kina wafuasi wengi kukipita cha Republican kwa mbali, alishindwaje ugavana?

Wakili wa Pembeni

Nijibu la kwanza, kwa kuwa ndilo lililo karibu na kazi yangu. Sheria yao inamtofautisha askari aliye kazini muda wote na askari wa akiba. Huyu wa pili, kwa kawaida, hulitumikia jeshi mwisho wa wiki mmoja kila mwezi na majuma mawili kila mwaka, na siku zilizobaki ni raia kama raia wengine, mwenye ofisi yake ya uwakili na haki yake ya kugombea. Kinachokatazwa ni kuchanganya utumishi huo na kampeni. Akiitwa kazini hawezi kupanda jukwaani kuomba kura, na hata asipokuwa kazini, picha yake ya sare ikitumika katika tangazo la kampeni ni lazima iambatane na maelezo kwamba Wizara ya Ulinzi haimuungi mkono. Tazama matangazo ya wagombea wa aina hii: utayakuta maelezo hayo chini kabisa, kwa herufi ndogo kama masharti ya mkopo.

Jambo la pili linalowezesha haya yote ni kwamba ubunge wa jimbo si ajira ya mwaka mzima. Bunge la Maryland huwa na kikao cha siku 90, kuanzia Januari hadi Aprili, na wajumbe wengi wana kazi nyingine za kuwaingizia kipato.

Ugumu wa kikatiba uko katika Kongresi. Ibara ya kwanza ya Katiba yao inamkataza mtu mwenye ofisi chini ya serikali ya shirikisho kuwa mbunge wa Kongresi kwa wakati huo huo, na wakati wa vita vya Vietnam kundi la askari wa akiba waliopinga vita hivyo lilifungua kesi likidai kwamba wabunge wenye vyeo katika jeshi la akiba walikuwa wakiivunja Katiba. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu iliitupa kesi hiyo kwa sababu walalamikaji hawakuwa na haki ya kushtaki, na kiini cha swali kikabaki bila uamuzi. Brown hakuguswa na utata huo, kwani alistaafu jeshi mwaka 2014 akiwa kanali, na aliapishwa kuwa mbunge wa Kongresi Januari 2017.

Mkazi wa Silver Spring

Mkuu, swali lako la pili nitalijibu kama mtu aliyekuwa hapa wakati huo. Kilichomwangusha ni kazi aliyokabidhiwa. Katiba ya Maryland haimpi Naibu Gavana kazi yoyote isipokuwa ile atakayopangiwa na Gavana, na Gavana Martin O'Malley alimpa Brown usimamizi wa mageuzi ya bima ya afya. Soko la bima la mtandaoni lilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013 na kukwama siku hiyo hiyo. Watu wakabaki wakitazama ukurasa usiofunguka, na mwaka uliofuata jimbo likautupa mfumo mzima na kuchukua ule wa Connecticut. Ukiwa naibu, sifa za mafanikio humwendea bosi wako, lakini mzigo ulioandikwa jina lako ukianguka, ni wako peke yako.

Hata hivyo alishinda mchujo wa chama Juni 2014. Mpinzani wake mkuu, Doug Gansler, ambaye ndiye aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, alikuwa na hoja nzuri ya mtandao ulioanguka. Akaidhoofisha mwenyewe aliposema maneno yaliyosikika kama anaidharau huduma ya Brown kule Iraki, na kauli hiyo ikamgeukia.

Novemba mambo yakawa mengine. Larry Hogan wa Republican alishikilia hoja moja tu: kodi. Mfano alioupenda ulikuwa "kodi ya mvua", yaani ada iliyotokana na sheria ya mwaka 2012, iliyotozwa kwa mapaa na sehemu zilizosakafiwa ili kugharimia usafishaji wa maji yanayoingia Ghuba ya Chesapeake. Ukimwambia mwananchi kwamba serikali inamtoza kodi kwa sababu ya mvua, huhitaji kumweleza zaidi. Hogan alipata takriban asilimia 51, Brown 47. Na hadi leo hakuna aliyekuwa Naibu Gavana wa Maryland katika zama hizi akachaguliwa kuwa Gavana. Kathleen Kennedy Townsend alijaribu mwaka 2002, naye akashindwa.

Bibi Hoja

Nimesoma maelezo ya ndugu wa Silver Spring na sehemu kubwa nakubaliana nayo, lakini anaipunguzia sare uzito wake. Mwaka 2006 O'Malley alikuwa Meya wa Baltimore na alihitaji mgombea mwenza atakayemvutia kura za Prince George's, kaunti yenye Wamarekani weusi wengi. Brown alikuwa wakili, mjumbe mwenye cheo bungeni, na ametoka Iraki akiwa na Nishani ya Nyota ya Shaba. Kule hakuongoza mapigano; alikuwa mshauri wa wizara ya Iraki iliyoshughulikia wakimbizi na watu waliohamishwa makwao. Kwa mpiga kura aliyechoshwa na vita vile, mtu aliyekwenda na kurudi alikuwa na haki ya kuvizungumzia kuliko aliyevisoma magazetini.

Mlinganishe na Beau Biden wa Delaware, aliyeanza kuwa Mwanasheria Mkuu Januari 2007 na kwenda Iraki mwaka 2008 na kikosi cha Ulinzi wa Taifa akiwa madarakani. Aliporudi, wengi walimtarajia agombee kiti cha Seneti alichoacha baba yake, Joe Biden, lakini Januari 2010 alikataa, akitaja kesi ya daktari wa watoto Earl Bradley, aliyeshtakiwa kwa kuwadhulumu wagonjwa wake kingono. Delaware haina waendesha mashtaka wa kaunti, kwa hiyo kesi ile ilikuwa ya ofisi yake moja kwa moja. Alifariki Mei 2015, baada ya kutangaza kwamba angewania ugavana.

Mchambuzi wa Kihonda

Ahsanteni sana. Bibi Hoja ameniachia swali: kama Maryland inao waendesha mashtaka wa kaunti, Mwanasheria Mkuu hufanya kazi gani?

Wakili wa Pembeni

Kwa sehemu kubwa ni wakili wa serikali ya jimbo na idara zake, na ndiyo maana Katiba inadai awe ameifanya kazi ya sheria Maryland kwa miaka 10. Tom Perez, aliyekuwa akiiwania ofisi hiyo, aliondolewa katika karatasi za kura mwaka 2006 kwa kukosa sharti hilo. Tangu Oktoba 2023 ofisi hiyo inaweza pia kushtaki askari polisi wanaosababisha vifo.

Brown aliipata ofisi hii mwaka 2022 kwa kumshinda katika mchujo Katie O'Malley, jaji wa zamani na mke wa bosi wake wa zamani. Baba yake Katie, Joseph Curran, naye alikuwa Naibu Gavana kabla ya kuwa Mwanasheria Mkuu kwa miaka 20, kwa hiyo njia hii Brown hakuifungua yeye. Machi 2025 aliongoza majimbo kadhaa kuishtaki serikali ya shirikisho kwa kuwafukuza kazi maelfu ya watumishi waliokuwa katika kipindi cha majaribio. Jaji James Bredar wa Baltimore aliamuru warudishwe. Mwezi uliofuata mahakama ya rufaa ikaisimamisha amri hiyo, ikiona kwamba huenda majimbo hayakuwa na haki ya kushtaki.