Mti wa Krismasi ukae wapi mpaka Desemba?

*Majirani – Arua*

Mama Neema: Habari za asubuhi, majirani. Epifania imepita, mti tunaushusha leo. Ni wa plastiki, futi 6, na boksi lake limechanika. Darini kuna nafasi. Niupandishe huko?

Fundi Musa: Usithubutu, mama. Tuko kiangazi, na chini ya mabati mchana ni moto mtupu. Majani ya mti huo ni ya PVC, yametiwa dawa ya kuyalainisha kiwandani. Joto huitoa dawa hiyo kidogo kidogo. Mwisho wake majani yananata, au yanakakamaa na kupukutika ukigusa tawi.

Mwalimu Tabu: Tena darini ndiko makao ya panya. Waya wa taa hawauachi.

Mama Neema: Basi uvunguni mwa kitanda, mwalimu?

Mwalimu Tabu: Panafaa, mradi ukuta huo haupigwi na jua la jioni. Lakini usiulaze juu ya sementi. Panga matofali 4, juu yake ubao. Mvua zikishika kuanzia Aprili sakafu inatoa unyevu, stendi ya chuma inaota kutu. Na boksi la karatasi likigusa chini, mchwa hao!

Dada Scovia: Kabla ya kukunja, toa vumbi. Hili vumbi letu jekundu likilala humo miezi 11 halitoki tena. Brashi kavu ya kupakia rangi, anzia kileleni ushuke. Halafu kitambaa chenye sabuni kidogo, kikamue sana. Kama taa zilifungwa mtini tangu kiwandani, maji yasifike kabisa, brashi inatosha. Anika kivulini kutwa nzima, maana jua linachujua kijani.

Mama Neema: Matawi yangu ni ya kuchomoa. Yalikuwa na alama za rangi kwenye mashina, nyingine zimefutika.

Fundi Musa: Hapo ndipo watu wanapoteza saa nzima Desemba. Usiyachanganye. Chomoa safu moja, ifunge fungu lake, ndipo uende safu nyingine. Marefu ni ya chini, yanapungua kadiri unavyopanda. Rudishia alama kwa rangi ya kucha, na kwenye tundu la nguzo pia, rangi ileile. Vijitawi vilaze kuelekea ncha ya tawi. Ukivikunja kinyume, waya wa ndani unachoka na kukatika.

Baba Okello: Kufungia, mpira wa tyubu ya baiskeli si unashika vizuri?

Fundi Musa: Unashika, mzee, lakini mpira huacha madoa meusi kwenye plastiki, na kwenye joto unagandia. Tumia vipande vya kitenge kikuukuu. Usikaze mno, majani yakibanwa yanabaki bapa.

Dada Scovia: Kwa boksi lililochanika, chukua gunia la nailoni la kilo 100. Lifue kwanza, harufu ya mahindi inaita panya. Kavera, yaani mfuko wa plastiki, lililofungwa kabisa silipendi: unyevu kidogo tu ukibaki ndani, ukungu unaanza.

Baba Okello: Na nafthalini dhidi ya mende?

Dada Scovia: Hapana, mzee. Mvuke wake unalainisha plastiki, na kidonge kikigusa jani kinaweza kuliharibu. Iache kabatini kwa nguo za sufu.

Mama Neema: Mipira ya kioo je? Na taa?

Mwalimu Tabu: Mipira midogo itie kwenye trei ya mayai ya plastiki, ile ya 30. Ya karatasi mende wanaipenda. Taa ziwashe kwanza, zinazokufa uzijue sasa. Kisha zizungushe kwenye kipande cha kadibodi, usizisokote mkononi. Za betri, toa betri zote: zikivuja zinakula vyuma vya ndani na taa haziwaki tena.

Mama Neema: Asanteni sana. Matofali yapo. Dada Scovia, namtuma Neema kwako, kama una trei ya plastiki umpe.

Dada Scovia: Zipo 2, aje.