Elfu kumi na jani la isale

FAMILIA YA MAMA, KIBOSHO

*Alhamisi jioni*

Mama Glory (Arusha): Shikamoo Mama. Wengine habari za jioni. Nimeletewa hii kwenye kikundi cha jumuiya, mambo ya kumfundisha mtoto kabla hajatoka nyumbani: heshima, uaminifu, kazi, kuweka akiba, sala, kushukuru, kuomba msamaha. Wenye watoto wadogo msome.

Upendo: Mama anasema marahaba. Niko naye jikoni, namsomea.

Baba Kevi (Majengo): Dada, hiyo ya mwisho imenichoma. Nina jambo nimelibeba tangu juzi. Naomba mnishauri.

Baba Doreen (Himo): Sema mdogo wangu.

Baba Kevi: Jumamosi iliyopita niliacha elfu kumi juu ya kabati la vyombo, ya spea ya mteja. Kurudi, haipo. Nyumbani alikuwepo Kevi peke yake. Nikamuuliza, akakataa. Nikarudia, akakataa. Nikapandwa na hasira, nikamtoa uani nikamwita mwizi. Wapangaji wote wapo, na watoto anaocheza nao wapo. Sikumpiga, ila nilisema maneno makubwa.

Baba Kevi: Juzi mama yake analoweka ovaroli yangu, pesa hii hapa. Mfuko wa pajani, imekunjwa pamoja na risiti ya mafuta. Kabatini sikuiweka kabisa.

Mama Glory: Yesu wangu. Kevi anajua imepatikana?

Baba Kevi: Hajui. Sijui naanzia wapi.

Baba Doreen: Usijitese. Mnunulie viatu vya mpira, Jumapili mpeleke akale chipsi kuku. Mtoto anasahau. Ukianza kumpigia magoti mtoto wa darasa la tano, kesho atakupanda kichwani.

Mama Glory: Hapana mdogo wangu. Viatu anastahili hata asipokosewa. Ukimpa viatu mahali pa neno, anajifunza kwamba mkubwa akikosa analipa, hasemi. Akikua atamfanyia hivyo hivyo mke wake.

Mama Kevi: Shemeji, naomba niseme. Hajasahau. Jana nilimtuma dukani, unga kilo moja na sabuni, nikampa elfu tano. Alivyorudi akaniita mezani. Akapanga chenji, noti huku, sarafu huku, akaniambia "Mama, hesabu." Nikamwambia nakuamini mwanangu, weka tu. Akasema "Hesabu kwanza." Alisimama pale mpaka nikamaliza.

Mama Kevi: Na uani hatoki siku hizi. Wenzake wakimwita anasema anasoma.

Baba Kevi: Hilo la chenji hukuniambia.

Mama Kevi: Nilikuwa nasubiri uanze wewe.

Upendo: Subirini. Mama anaongea, naandika anavyosema.

Upendo: "Nilikuwa msichana mdogo, kabla ya Uhuru. Maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, tulikuwa tunapeana kwa zamu. Siku ya zamu ya jirani maji yakakatika, yakakutwa yanamwagika kihambani kwetu, kwenye shamba la nyumbani. Na mimi nilikuwa nimeonekana pale nakata majani ya ng'ombe. Baba akanichapa kofi palepale mferejini, watu wanaangalia. Baadaye ikaonekana ni mgomba ulianguka ukabomoa ukingo."

Upendo: "Wiki ile kulikuwa na kazi ya kuzibua mfongo. Kila nyumba inatoa mtu, asiyekuja anatozwa. Baba akaja na isale mkononi, amelifunga fundo. Nikajua anampelekea jirani. Akanipa mimi. Akasema mbele ya wale wale: nilimpiga mwanangu kwa kosa lisilo lake."

Mama Glory: Mama! Hii hujawahi kutusimulia.

Upendo: Anasema hamkuwahi kuuliza.

Mama Kevi: Samahanini, mimi nimeolewa tu huku. Isale ni yale majani yanayopandwa mpakani?

Upendo: Hayo hayo wifi, yanayozunguka kihamba. Mtu akikuletea amekuomba msamaha, na kukataa haifai.

Baba Doreen: Mama, kwa heshima zote. Isale ni la wakubwa. La mipaka, la ndoa zilizovunjika, la damu. Tukilipeleka kwa watoto tutalishusha.

Upendo: Anakuuliza: "Mimi nilikuwa mtoto. Lilishuka?"

Upendo: Na Baba Kevi, anakuambia hivi: "Ulimtukana uani, usimwombe radhi chumbani. Waliosikia mwizi ndio wasikie na hili."

*Alhamisi, saa tano usiku*

Baba Doreen: Sijalala. Mnakumbuka mwaka ule kahawa yetu ilipungua kwenye mizani ya chama cha ushirika? Nilikuwa kidato cha pili. Mzee akasema nimewauzia walanguzi debe mbili. Alisema palepale chamani, foleni nzima inasikia. Baada ya siku kama nne akapiga hesabu upya, akakuta kosa ni lake.

Baba Doreen: Hakusema kitu. Alichinja jogoo, akanipa firigisi. Mnajua firigisi nyumbani ni ya nani. Nililia pale mezani, nikala, nikaelewa. Lakini watu wa chamani hawakuwepo mezani. Waliniita mlanguzi mpaka nilipohamia Himo.

Baba Doreen: Mdogo wangu, nenda uani.

Mama Glory: Pole sana mdogo wangu. Pole sana. Miaka yote hiyo.

*Ijumaa*

Upendo: Isale nimelikata asubuhi, nimelifunga kwenye jani la mgomba, nimempa kondakta wa daladala ya Kibosho. Lipokee stendi saa kumi. Fundo ufunge mwenyewe, Mama anasema lisifungwe na mtu mwingine.

Baba Kevi: Aika, asante sana Upendo. Aika Mama.

Mama Glory: Na ukisimama pale usiseme "nilikuwa na hasira, lakini na wewe..." Hiyo lakini iache kabisa. Sema ulichokosa, unyamaze.

*Jumamosi*

Mama Kevi: Imefanyika. Aliwaomba wapangaji watoke, na watoto wakaja wenyewe. Akasema "Kevi hakuiba. Pesa ilikuwa mfukoni mwangu. Nilimwita mwizi hapa hapa, nimemkosea." Sauti ilikuwa inatetemeka. Kevi akapokea kwa mikono miwili. Mama mwenye nyumba alijifuta machozi kwa kanga.

Mama Glory: Ashukuriwe Mungu. Kevi alisema nini?

Mama Kevi: Hakusema kitu. Aliingia chumbani akafunga mlango.

Baba Kevi: Mpaka sasa hajaniongelesha. Chakula tumekula kimya.

Upendo: Mama anasema "Mwache. Mimi nilikaa siku mbili. Usimuulize kama amesamehe, hiyo ni kazi yake na wewe ya kwako umeimaliza."

Baba Doreen: Msikilize Mama.

*Jumatatu jioni*

Mama Kevi: Wifi, shemeji, Mama. Nimemtuma sukari sasa hivi. Amerudi, ametupa chenji juu ya friji bila hata kuangalia, na ametoka mbio. Wanamwita akae golini.