Naomba ushauri: chmod (amri ya kubadili ruhusa za faili) haishiki kwenye faili za Windows nikiwa ndani ya WSL

Wakuu habari zenu, nimekwama hapa leo siku ya tatu. Natumia Windows 11 na ndani yake nina WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) yenye Ubuntu, kazi zangu zote ziko draivu C kwa hiyo nazifungua kupitia /mnt/c, sasa nikipiga ls -l kila faili inaonyesha rwxrwxrwx (yaani 777, kila mtu anaruhusiwa kusoma, kuandika na kuendesha), hata faili ya maandishi matupu, nikisema chmod 600 (mwenye faili tu asome na kuandika) haitoi kosa lolote ila nikiangalia tena iko vilevile 777. Ufunguo wangu wa ssh (wa kuingia kwenye mashine nyingine kwa mbali) nao unakataliwa, inasema ruhusa 0777 ziko wazi mno, na kweli ina haki maana ufunguo wa siri hautakiwi kusomwa na mwingine. Nikaunakili kwenda ~/.ssh nikapiga chmod 600 ikakubali palepale, kumbe upande wa Linux ruhusa zinashika.

Nimesoma kwamba kwenye /etc/wsl.conf, sehemu ya automount, naandika options = "metadata,umask=22,fmask=11" halafu wsl --shutdown ili WSL izime na kuanza upya, na hiyo metadata ndiyo inayohifadhi ruhusa za Linux kwenye faili za Windows. Je nikiwasha hiyo metadata, ruhusa za Windows zenyewe zitaguswa? Naogopa sana, folda hiyo tunaitumia watu wawili kwenye kompyuta moja. Au nihamishe tu kila kitu kwenye home ya Linux?

Na git (programu ya kufuatilia mabadiliko ya faili) je? Mradi niliounakili kutoka mashine ya Linux unaniambia faili zimetoka 100644 kwenda 100755 (yaani zimeongezewa ruhusa ya kuendeshwa) wakati sijagusa hata herufi moja, nikiweka core.fileMode false (git isijali ruhusa hiyo ya kuendeshwa) inatosha au nitakuwa naficha tatizo? Aliyepitia hii anisaidie jamani.