Mtoto wa kaka yangu yuko chini ya uangalizi wa mahakama, nimpeleke kwa babu yake Handeni?

ShangaziMakorora: Assalam aleikum wanajukwaa. Nalea mtoto wa marehemu kaka yangu hapa Tanga mjini, ana miaka 16. Mwezi wa nne alikamatwa na wenzie wawili kwa wizi wa baiskeli. Wanaziiba Ngamiani, wanazifungua uani kwa mmoja wao, rimu inauzwa kivyake, cheni kivyake. Mimi naona mikono ina grisi, nadhani mtoto anajifunza ufundi! Hadi sabuni ya kunawia nilimnunulia.

Alikaa mahabusu ya watoto wiki tatu, kisha mahakama ikamwachia kwa masharti: mwaka mmoja chini ya uangalizi wa afisa ustawi, akae kwangu, asiandamane na wale wenzie. Afisa anakuja mara moja kwa mwezi, anauliza mawili matatu, anaandika, anaondoka. Simlaumu, ana watoto wengi na usafiri hana. Shule kijana aliacha kidato cha pili. Mimi jioni nipo kwenye karai la samaki, kwa hiyo tangu alasiri mpaka isha sijui alipo. Juzi nimemkuta mwenzie mmoja kaegemea ukuta wetu anapiga mluzi.

Nataka nimpeleke Handeni akalime na babu yake. Kuna ubaya?

Mzee wa Sahare: Mpeleke kesho na basi la kwanza. Shamba halina kijiwe.

BiMstaafu: Mzee wa Sahare, utamponza mwenzio. Dada, nimefanya kazi ya ustawi wa jamii hadi nimestaafu, usimhamishe kimyakimya. Amri imesema akae kwako. Afisa asipomkuta itabidi aripoti, na mtoto atahesabiwa kavunja masharti. Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu mtoto chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo jela, lakini shule ya maadilisho, wanakozuiliwa watoto waliotiwa hatiani, ipo, nayo iko Irambo, Mbeya, si hapo Pongwe.

Usimsubiri afisa, mfuate ofisini na kijana wako. Mwambie hivi ulivyotwambia, hata habari ya mluzi. Muombe ratiba ya wiki kwa maandishi: lini kijana anaripoti, nani anampokea alasiri, nani anapigiwa simu asipotokea. Baada ya hapo ukiona bado Handeni ndiyo dawa, yeye ndiye wa kukuongoza namna ya kuomba mahakama ibadilishe sharti. Na huyo babu aulizwe kwanza kama anamtaka!

Msambaa_Leeds: Huku Uingereza vijana wenye makosa mazito au ya kurudiarudia huweza kuwekewa uangalizi mkali, miezi ya mwanzo wanajaziwa saa 25 kwa wiki: masomo, ufundi, kazi ya kufidia walichoharibu. Wengine hufungwa mguuni kifaa cha kufuatilia walipo. Kifaa muachieni Mzungu, saa ndizo za kuiga.

FundiSpoku: Mimi ni fundi baiskeli, na niliwahi kupokea kijana aliyetoka mahabusu. Wiki mbili za kwanza droo ya pesa naibeba na mimi hadi msalani, nasema kweli. Kazi nilimpa ya kunyoosha rimu, maana rimu haina haraka: unazungusha, unasikiliza inapogusa breki, unakaza spoku robo mzunguko, unazungusha tena. Mara ya kwanza alimaliza mchana mzima kwenye rimu moja na akasahau kwenda maskani. Cha mchana nampa mimi, kwa sababu kijana mwenye njaa saa tisa atafuata mluzi tu. Mtafutie fundi, ila asiwe wa kumtuma sigara.

ShangaziMakorora: Ahsanteni nyote. Leo tumeenda. Afisa kakubali kijana aripoti kwake kila Jumatatu kwa miezi miwili, halafu tutazame. Handeni nimeiweka kando kwanza. Kuna fundi barabara ya 8 yuko tayari kumwona. Nilipomwambia kijana akanyamaza, akachezea kandambili zake, kisha akaniuliza, "Shangazi, fundi anajua nilichofanya?" Sikuwa na jibu.

FundiSpoku: Kama ni wa Ngamiani, huenda hata baiskeli ya mteja wake imo humo. Nenda naye, ila wewe usiseme. Mwache aseme mwenyewe.

ShangaziMakorora: Akishindwa?

FundiSpoku: Mrudi siku ya pili.